Umeitwa kazini chuo kikuu? Ifahamu mifumo utakayoikuta kabla ya mshahara wa kwanza

Mama mmoja wa Kinyangiri alinipigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake. "Mwanangu, mdogo wako ameitwa kazini Dodoma, chuo kikuu. Tumeshukuru Mungu. Lakini anasema kazi ya huko yote iko kwenye kompyuta, na yeye kompyuta ameishika mara chache tu. Halafu kuna mtu amempigia, anataka elfu sabini ili amwingize kwenye mfumo. Mwenzangu anataka tuuze gunia la alizeti. Tuuze?"

Nilimjibu, "Mama, msiuze. Hakuna mtumishi anayeingizwa kwenye mfumo kwa kulipia." Akashusha pumzi. Lakini swali la pili bado lilikuwepo: kijana aliyesoma kwa shida, katika shule ambayo kompyuta ilikuwa moja na imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, ataanzaje kazi mahali ambapo barua, likizo, mshahara na hata tathmini ya kazi vyote vinapita kwenye mtandao?

Swali hilo si la mama huyu peke yake. Vijana wengi wa Mkalama na Singida kwa ujumla wanaomba kazi vyuoni, na si ualimu tu. Chuo kikuu kinaajiri watunza kumbukumbu, makatibu, madereva, mafundi wa maabara, wakutubi, wahasibu na walezi wa mabweni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo jirani yetu. Ni safari ya kupitia Singida mjini na Manyoni. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa mkoani. Yeyote anayeingia kazini katika chuo cha umma atakutana na mifumo karibu ileile, kwa kuwa mingi ni ya serikali nzima.

Makala hii inaieleza mifumo hiyo kwa mpangilio ambao mtumishi mpya atakutana nayo. Isome taratibu, na kama una ndugu aliyeitwa kazini mtumie.

Kabla ya safari: mlango ni mmoja, na hauna kiingilio

Ajira nyingi za serikali, pamoja na za vyuo vikuu vya umma, hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maombi hutumwa kwenye mfumo uitwao Ajira Portal, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili na kazini hutangazwa hapohapo na kwenye tovuti ya Sekretarieti. Ofisi za Sekretarieti hiyo ziko Dodoma, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma kwenyewe.

Kujisajili Ajira Portal ni bure. Kuomba kazi ni bure. Kupangiwa kituo ni bure. Matapeli wanajua hivyo, lakini wanajua pia kwamba majina yanapotangazwa hadharani, familia nzima inakuwa kwenye hali ya "tusije tukaikosa hii nafasi". Hapo ndipo wanapopiga simu. Wanataja jina kamili la kijana na kazi aliyoomba, kwa sababu vyote wamevisoma kwenye tangazo. Ukisikia mtu anajua jina lako, usidhani anatoka ofisini.

Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usijibu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Peleka huko ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma. Kisha rudi kwenye akaunti yako ya Ajira Portal usome mwenyewe kilichoandikwa.

Majina, namba ya NIDA na laini ya simu

Kompyuta haina huruma kwa herufi. Mtu wa masijala akiona Mkumbo kwenye cheti na Mkhumbo kwenye kitambulisho, atakuuliza. Mfumo hauulizi, unakataa tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza la teknolojia ya kazini unaweza kulifanya ukiwa bado nyumbani, bila kompyuta. Chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo na namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, uvipange mezani. Soma jina herufi kwa herufi. Soma tarehe ya kuzaliwa. Pasipolingana, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya, au kwa wakili upate hati ya kiapo ya majina, kabla hujapanda basi. Kulirekebisha jambo hili ukiwa tayari kazini ni kukaa mwezi, au hata miezi, unafanya kazi na mshahara hauonekani.

Jambo la pili ni laini ya simu. Mifumo mingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Vijijini kwetu wengi bado tunatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba au cha rafiki. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Kama unayoitumia haimo, tafuta laini iliyo ya jina lako na ndiyo uitumie kwenye mambo yote ya kazi. Siku mjomba akigombana nawe au laini ikipotea, hutakuwa na njia ya kuirudisha kama si yako.

La tatu: fungua barua pepe yenye jina lako la kawaida, si jina la utani. Piga vyeti vyako vyote picha safi, mchana, kwenye mwanga, kisha vigeuze kuwa PDF. Simu janja nyingi zina programu ya kufanya hivyo bila malipo. Vitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Hata simu ikiibiwa stendi ya Singida, nyaraka zako ziko salama.

Cheki namba: jina lako jipya

Ukifika chuoni na barua yako, utapelekwa ofisi ya utumishi, ambayo wengi bado wanaiita ofisi ya utawala. Huko ndiko taarifa zako zinakoingizwa kwenye Mfumo wa Taarifa za Kiutumishi na Mishahara, unaojulikana kwa herufi HCMIS. Wewe huingii kwenye mfumo huo. Anayeingia ni ofisa utumishi. Kazi yako ni kumpa nyaraka kamili na kukagua alichoandika kabla hajatuma: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya akaunti ya benki, tarehe ya kuanza kazi.

Taarifa zikipokelewa unapata cheki namba. Ikariri kama unavyokariri namba yako ya simu, maana ndiyo itakayokutambulisha hadi siku ya kustaafu. Kila ofisi utakayoingia ukiwa na shida ya kiutumishi, swali la kwanza litakuwa, "Cheki namba yako?"

Hesabu ya mishahara ya mwezi hufungwa kabla mwezi haujaisha. Ukiripoti kazini ikiwa imeshafungwa, mshahara wa mwezi huo unaweza kuchelewa na kulipwa baadaye kama malimbikizo. Hilo halimaanishi umetapeliwa au umesahaulika. Lakini linamaanisha uende Dodoma ukiwa na akiba ya kula na kulala kwa zaidi ya mwezi mmoja. Uliza pia kuhusu posho ya kujikimu ya mtumishi mpya. Hiyo ni haki, si hisani, na kuiuliza kwa heshima si utovu wa nidhamu.

ESS: dirisha lako mwenyewe

Zamani mtumishi aliyetaka hati ya mshahara alipanga foleni kwa mhasibu. Aliyetaka likizo alijaza fomu, akaipeleka kwa mkuu wake, ikapotea, akajaza nyingine. Siku hizi mambo mengi ya namna hiyo yanafanyika kwenye mfumo wa mtumishi kujihudumia mwenyewe, ESS, ulio chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi. Unaufungua kwenye kompyuta au kwenye simu yenye intaneti, kwa cheki namba na neno la siri ulilojiwekea.

Humo unaomba likizo, unaomba uhamisho na unaona taarifa zako za ajira. Hata maombi ya mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara yanapita humo. Sentensi hiyo ya mwisho isome tena, kwa sababu nitairudia tukifika kwenye neno la siri.

Kitu kinachowagusa zaidi watu wa nyumbani ni hati ya mshahara. Mtumishi mpya mara nyingi anagombana na familia kwa sababu barua ya ajira ilitaja fedha moja na benki ikaleta nyingine. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,000,000, na mtu huyu alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo.

Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unamkata asilimia 5, yaani 50,000. Mwajiri anaongeza asilimia 15 juu yake. Bima ya afya, NHIF, inamkata asilimia 3, yaani 30,000, na mwajiri anaweka kiasi kama hicho. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye kinachobaki baada ya pensheni, yaani 950,000. Kwa viwango vinavyotumika, kodi ya kiasi hicho ni 115,500.

Jumlisha makato yote: 345,500. Kinachoingia benki ni 654,500, na hapo bado mchango wa chama cha wafanyakazi kama amejiunga. Milioni moja imekuwa laki sita na nusu na ushee, na hakuna aliyeiba.

Mzazi unayesoma hapa, kabla hujasema "mtoto amebadilika tangu apate kazi", mwombe akufungulie hati yake ya mshahara kwenye simu mkae muisome pamoja. Na wewe mtumishi, usione haya kuionyesha. Nimesikia ugomvi mwingi wa familia ambao ungeisha kwa dakika tano za kusoma karatasi hiyo moja.

PEPMIS: kazi isiyoandikwa haihesabiki

Kwa miaka mingi tathmini ya mtumishi wa umma ilifanyika kwa fomu za OPRAS. Zilijazwa mwisho wa mwaka, mara nyingi kwa haraka, zikasainiwa na kufungiwa kabatini. Mwaka wa fedha 2023/24 serikali ilianza kutumia mfumo mpya wa kielektroniki wa kusimamia utendaji kazi wa watumishi, PEPMIS. Unaufikia kupitia akaunti yako ya ESS.

Mwaka wa fedha huanza Julai na kuisha Juni. Idara yako inakuwa na malengo yake. Msimamizi wako anagawa kazi, wewe unaandika majukumu yako yanayotokana na kazi hizo, yeye anayakubali au anayarudisha. Kadiri unavyotekeleza, unaingia na kuripoti ulichofanya, na yeye anakipima.

Hatari kwa mtumishi mpya ni hii: anafanya kazi kwa bidii kuliko wote, anafika saa moja kasoro asubuhi, lakini hajaingia kwenye PEPMIS tangu alipoonyeshwa siku ya kwanza. Mwisho wa mwaka mfumo unaonyesha hakufanya kitu. Na mtumishi mpya yuko kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12, kabla ya kuthibitishwa kazini. Mtu anayesubiri kuthibitishwa hapaswi kuwa na ukurasa mtupu.

Dawa yake ni rahisi. Kuwa na daftari dogo. Kila Ijumaa kabla ya kutoka, andika mistari mitatu: nimefanya nini, kiasi gani, kwa ajili ya nani. "Nimepanga majalada 40 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza" ni taarifa. "Nimefanya kazi za ofisi" si taarifa. Ukikaa kwenye mfumo, unanakili kutoka daftarini. Msimamizi akikawia kukubali majukumu yako, mkumbushe kwa adabu: "Mkuu, naomba unisaidie kupitia majukumu yangu kwenye mfumo, nimeyatuma tangu Jumatatu."

Ofisi Mtandao: masijala imehamia kwenye kioo

Mdogo wangu wa Kinyangiri ameajiriwa upande wa kumbukumbu, kwa hiyo hapa ndipo kwake hasa.

Masijala tunazijua. Barua inaingia, inapigwa mhuri wa kupokelewa, inapewa namba, inawekwa kwenye jalada, jalada linapelekwa kwa mkubwa, mkubwa anaandika dokezo, jalada linashuka kwa mwingine. Likikwama kwenye meza ya mtu aliyesafiri, limekwama.

Mfumo wa Ofisi Mtandao, e-Office, uliosanifiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, unafanya mambo hayohayo kwenye kompyuta. Barua inaskaniwa au inatengenezwa humohumo, inawekwa kwenye jalada la kielektroniki, inatumwa kwenye meza ya mhusika, naye anaandika dokezo lake na kulisukuma mbele. Tofauti ni kwamba mfumo unaonyesha jalada liko kwa nani na limekaa huko tangu lini.

Ukilielewa jambo hilo, hofu yako itapungua nusu. Anayejua mwendo wa jalada la karatasi anajua tayari mwendo wa jalada la kielektroniki. Kilichobaki ni kujua kitufe kiko wapi. Ndiyo maana katika ofisi nyingi mwalimu bora wa Ofisi Mtandao si kijana mwenye simu ya gharama. Ni yule mama wa masijala aliyefanya kazi miaka ishirini na ambaye anajua kwa nini barua ya mwanafunzi aliyesimamishwa haiwekwi kwenye jalada la likizo za watumishi. Mwamkie, msaidie kwenye vitufe, naye atakusaidia kwenye taratibu. Mtafika pamoja.

Angalizo: barua za ofisi zitumwe kwa barua pepe ya ofisi, ile yenye jina la chuo mwishoni, na si kwa ile yako ya binafsi wala kwa WhatsApp. Makundi ya WhatsApp ya idara yanafaa kukumbushana kikao. Hayafai kutuma matokeo ya mtihani, ripoti ya hospitali ya mwanafunzi au picha ya dokezo. Tangu Mei 1, 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika nchini. Taarifa za mwanafunzi ulizozikuta kazini ni dhamana, na kuzisambaza kunaweza kukufikisha kubaya.

Kwa anayefundisha: Moodle na matokeo ya wanafunzi

Mhadhiri msaidizi au mkufunzi mpya atakutana na mifumo miwili zaidi. Wa kwanza ni wa kufundishia. Vyuo vingi duniani, na vya kwetu pia, vinatumia programu iitwayo Moodle. Mwalimu anaweka humo muhtasari wa somo, maandishi ya mihadhara, kazi za nyumbani na majaribio. Mwanafunzi anavisoma popote alipo.

Kuna jambo linalonifurahisha kama mtu wa redio. Aliyeianzisha Moodle ni Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Mtu huyu alikulia kwenye jangwa la Australia, mbali na shule, na utotoni alisoma kwa njia ya redio ya masafa mafupi. Kwa hiyo mfumo unaotumiwa leo na vyuo vikubwa ulibuniwa na mtoto wa kijijini aliyemsikiliza mwalimu wake redioni. Ukijiona unatoka mbali, kumbuka kwamba huyo naye alitoka mbali.

Mfumo wa pili ni wa taarifa za wanafunzi, ambamo alama huingizwa. Hapa makosa yana gharama. Ukiandika 37 badala ya 73, kuna mtu ambaye jina lake halitatokea kwenye orodha ya mahafali, na huenda nyumbani kwao walishaandaa mbuzi. Kila unapoingiza alama, zisome mara mbili kutoka kwenye karatasi ya mtihani. Ikiwezekana mwenzako asome kwa sauti, wewe ukague kwenye kioo.

Kwenye baadhi ya vyuo utaona pia mtandao wa intaneti usio na waya uitwao eduroam. Ukiingia kwa barua pepe na neno la siri la chuo chako, simu au kompyuta yako itaunganishwa vilevile ukitembelea chuo kingine chenye eduroam, ndani au nje ya nchi. Unakusaidia kuokoa bando.

Fedha: usipokee noti

Hili ni fupi lakini limewaponza wengi. Malipo ya taasisi za umma hupita kwenye mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Anayelipa ada, bweni au faini ya maktaba anapewa kumbukumbu namba ya tarakimu 12, ile tunayoiita kontroo namba, na analipa benki au kwa simu.

Siku moja mzazi aliyetoka mbali atakushika mkono akuambie, "Mwanangu, mimi simu hizi sizijui, chukua hii hela umlipie mtoto." Atakuwa mkweli, na wewe utataka kumsaidia. Msaidie hivi: mpeleke kwa mhasibu apate namba, mwende wote kwa wakala, alipe yeye mwenyewe mbele yako, risiti aishike yeye. Noti zisipite mkononi mwako.

Neno la siri ni saini yako

Narudi kwenye ile sentensi niliyosema uisome tena. Kama kwenye ESS mtu anaweza kuomba uhamisho na mkopo kwa jina lako, basi neno la siri la ESS lina uzito kama wa kalamu yako ya kusainia.

Lakini watumishi wengi wanakwenda steshenari, wanamwambia kijana wa dukani, "Niangalizie hati yangu ya mshahara," wanamtajia cheki namba na neno la siri, naye anayaandika kwenye daftari lake ili siku nyingine asiulize. Daftari lile lina watumishi mia. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila daftari likipotea, watumishi mia wako barabarani.

Fanya mambo haya machache:

Neno la siri liwe refu, la maneno ambayo wewe tu unayaunganisha, na tarakimu ndani yake. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto.

Neno la siri la ESS lisifanane na la barua pepe wala la Facebook.

Ukilazimika kwenda steshenari, charaza neno la siri mwenyewe. Kompyuta ikiuliza kama ilihifadhi, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Usifunge dirisha tu.

Namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka Utumishi, benki au kitengo cha TEHAMA cha chuo. Fundi wa kweli wa TEHAMA anaweza kukuwekea upya neno la siri bila kulijua la zamani.

Ukiondoka mezani, funga kioo. Anayetumia akaunti yako akifanya kosa, mfumo unaandika jina lako.

Na flashi uliyotoka nayo nyumbani, yenye nyimbo na video kutoka kwa marafiki, usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi kabla haijakaguliwa virusi.

Mwezi wa kwanza: uliza mapema

Nilipoanza kazi ya redio nilikuwa na astashahada ya utangazaji na nguo mpya mbili. Chuoni kompyuta ya kuhariria sauti tulikuwa tunaigombania, kwa hiyo nilihitimu nikiwa nimeigusa mara chache. Siku ya tatu kazini nilipewa mahojiano ya wakulima wa vitunguu niyahariri. Nilikaa saa tatu. Sikuwahi kubofya sehemu ya kuhifadhi, kwa kuwa sikuijua iko wapi na niliona aibu kuuliza. Umeme ukakatika. Kila kitu kikaondoka.

Fundi mitambo wa pale, mzee wa makamo, hakunigombeza. Aliniambia, "Kijana, ungeniuliza asubuhi ingekuwa dakika moja. Sasa ni saa tatu." Kisha akanionyesha: shika Ctrl, bonyeza S. Mpaka leo kidole changu kinafanya hivyo chenyewe kila baada ya sentensi mbili tatu.

Ninachokushauri ni hicho. Wiki ya kwanza, kila mtu anajua wewe ni mgeni, na hakuna swali la aibu. Ukinyamaza miezi sita halafu ukauliza namna ya kuambatisha barua, ndipo watu watashangaa. Uliza kitengo cha TEHAMA kiko jengo gani na namba yao ya ndani ni ipi. Uliza mafunzo elekezi ni lini, maana mtumishi mpya anastahili kuyapata. Anayekuonyesha kitu, mwombe akuachie wewe ndiye ubofye, naye atazame tu. Kazi inaingia kichwani kupitia vidole.

Na kwa wewe ambaye bado uko Kinyangiri unasubiri kuitwa, usingoje kompyuta. Simu yako inatosha kuanzia. Fanya mazoezi ya kuandika barua pepe yenye kichwa cha habari, salamu, jambo na jina lako mwishoni. Jifunze kuambatisha PDF. Kama kijijini kuna shule au ofisi ya kata yenye kompyuta, omba kwa adabu ukae hapo saa moja kwa wiki uchape ukurasa mmoja. Mwezi mmoja wa hivyo utakufikisha mbali kuliko cheti cha kozi ambacho hukukaa kwenye kibodi.

Yule mama alinipigia tena jioni yake. Gunia la alizeti halikuuzwa kwa tapeli. Waliliuza siku mbili baadaye kwa bei ya mnunuzi wa kawaida, na fedha ikawa nauli na chakula cha mwezi wa kwanza Dodoma. Aliniambia kijana amekagua vyeti na akakuta herufi moja ya jina imekosewa, kwa hiyo kesho yake wangeamkia Nduguti kuifuatilia.

"Herufi moja tu, mwanangu," alisema.

Nikamwambia, "Mama, hiyo herufi moja ndiyo mshahara."